Namna ya Kumtafuta Kidoadoa wa Miombo katika Misitu ya Tabora

Anayeingia katika miombo ya kusini mwa Tabora kwa nia ya kumwona ndege tunayemwita kidoadoa, akaanza kuinua darubini kila tawi linapotikisika, atarudi nyumbani na shingo inayouma na daftari tupu. Nalisema hili kwa kuwa kikundi chetu cha watu watano kilifanya hivyohivyo kwa misimu miwili mizima. Tulikuwa mimi, ambaye ni mwalimu wa sekondari, dereva mmoja wa bodaboda mwenye macho makali kutushinda sote, vijana wawili wanaosomea misitu, na mzee mfugaji nyuki ambaye mwanzoni alitufuata, kwa maneno yake mwenyewe, ili awaone watu wazima wanaozunguka porini bila mzinga, bila shoka na bila ng'ombe aliyepotea. Ni yeye aliyetuonyesha kwamba tulikuwa tukitazama pasipo penyewe. Maelezo haya ni kwa mkazi wa Tabora, Sikonge, Urambo au Kaliua anayetaka kumtafuta ndege huyu kwa mpango, bila kuhitaji gari wala fedha nyingi.

Ndege mwenyewe

Kidoadoa ni jina tulilojizoesha sisi katika kikundi, kwa sababu ya madoa ya kifuani mwake. Katika vitabu vya ndege ametajwa kwa jina la Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani aliyefika Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1880 pamoja na wenzake Paul Reichard na Emil Kaiser, akakaa Kakoma na Igonda akikusanya vielelezo. Mwaka 1884 Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Berlin, alimwingiza ndege huyu katika orodha ya sayansi kwa jina la boehmi, na mwaka huohuo Böhm alifariki huko Katanga kabla hajatimiza miaka 30. Jina lake limebaki pia kwa keremkerem mmoja, Merops boehmi, na kwa mti mmojawapo wa miombo, Brachystegia boehmii. Kwa hiyo mtu wa Tabora anaweza kabisa kusimama chini ya mti wa Böhm, akamtazama ndege wa Böhm, na asiwe amewahi kusikia habari za Böhm mwenyewe. Ukitafuta habari zake kwenye orodha za kisayansi utakuta Muscicapa boehmi, au katika zile za karibuni Bradornis boehmi, na wote ni ndege yuleyule.

Kimataifa hahesabiwi miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka, na si vyema kumwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba yumo ili tu akupe ruhusa haraka. Eneo lake ni pana, kuanzia Angola na kusini mwa Kongo, kupitia Zambia na Malawi, hadi magharibi mwa Tanzania na Burundi. Uhaba wake ni wa namna nyingine: kokote anakopatikana ni wa kuhesabika, na msitu unaoonekana kwako kuwa mmoja kwake ni vipande vichache vinavyofaa na vingi visivyofaa. Wataalamu wamemweka katika kundi kubwa la ndege waimbao, ingawa kwa kuimba kwake asingepata hata nafasi ya kuitikia kwenye kwaya ya mtaa. Mara nyingi hukaa kimya, wima, kwenye tawi la kimo cha kati, akaruka ghafla kumdaka mdudu hewani au kumshukia chini, kisha akatua tena. Mtu aliyezoea kuwatafuta ndege kwa masikio hana budi kubadili mazoea yake hapa.

Msimu na saa

Miezi mizuri zaidi ni kuanzia Septemba hadi katikati ya Novemba. Wakati huo miombo huchipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba kabla mvua hazijaanza, wadudu huongezeka, na ndege wengi wa msituni huanza kutaga. Zaidi ya hapo, mwishoni mwa kiangazi nyasi zimelala au zimeungua, hivyo unaweza kutembea bila kelele na kuona mbali kati ya mashina. Kuanzia Desemba majani hufunika kila kitu, njia hujaa matope, na kidoadoa, ambaye hata katika msitu mkavu ni mgumu, huwa kama sindano kwenye ghala la pamba. Juni na Julai pia unaweza kwenda, hasa ukitaka kuhesabu viota vikuukuu, jambo nitakalolieleza hapa chini, lakini usitarajie kumwona ndege.

Kumbuka kwamba jua la Tabora huchelewa kuliko la Dar es Salaam. Kwa sehemu kubwa ya mwaka kunapambazuka vizuri kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo anayefika msituni saa kumi na moja na nusu atakaa gizani akisikiliza kirukanjia. Sisi huondoka mjini saa kumi na moja kamili kwa pikipiki na kuanza kutembea mwanga unapotosha kuona rangi. Saa tatu na nusu joto la Oktoba huwa limewanyamazisha ndege karibu wote. Hapo tunakaa kivulini, tunakula, tunaandika, na tunaanza upya saa kumi jioni.

Mahali na ruhusa

Barabara ya kutoka Tabora kwenda Sikonge, umbali wa kama kilomita 70, na kuendelea Ipole, inapita katika miombo ambayo bado ina miti mikubwa, na upande wa magharibi kuna maeneo ya Urambo na Kaliua. Usichague msitu kwa kutazama ukubwa wake kwenye ramani. Chagua kwa umri wa miti. Kidoadoa anataka miombo iliyokomaa, yenye mitundu, miyombo na miuba mirefu iliyoachana kiasi kwamba chini yake kuna nafasi ya kurukia, si kichaka kilichochipuka baada ya shamba kuachwa. Katika maeneo ya tumbaku hili ni la kuzingatia sana, kwa sababu magogo ya kuchoma kwenye mabani ya kukaushia tumbaku hukatwa katika miti ileile anayoihitaji, na kipande cha msitu ulichokiona kizuri mwaka juzi huenda leo ni visiki. Tumewahi kufika mahali tulipopaandika kwa nyota tatu katika daftari letu tukakuta matuta ya tumbaku yamepangwa vizuri kabisa hadi kwenye ukingo wa kijito.

Kabla ya kuingia, jua ardhi ni ya nani. Ikiwa ni hifadhi ya msitu ya serikali, nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu ya wilaya husika ukaeleze shughuli yako na kuomba kibali. Ikiwa ni hifadhi ya taifa, kama Mto Ugalla iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, kuna viingilio na taratibu zake, na haifai kuingia kwa njia za wafugaji. Ikiwa ni msitu wa kijiji, anza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Sehemu hii ya mwisho watu huiharakisha, nami nadhani ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote. Usifike ukiwa umening'iniza darubini shingoni na kusema unatafuta ndege, kwa maana watu watakuelewa vibaya: watadhani unapima ardhi, au unatafuta madini, au umetumwa kuhesabu miti iliyokatwa. Iweke darubini mkobani, salimia, "Mwangaluka", ngoja uitikiwe, ulizia hali ya mvua na mifugo, ndipo utoe picha ya ndege na kueleza. Ukimaliza, mpe mwenyekiti darubini atazame kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi. Katika kijiji kimoja kikao chetu cha dakika kumi kilichukua saa moja na nusu kwa sababu kila mjumbe alitaka kumwona ndege chozi akinyonya ua, na tangu siku hiyo hatujaulizwa tena barua.

Uliza pia nani ana mizinga katika msitu huo. Wafugaji nyuki wa Tabora wanaujua msitu mti kwa mti, na wana haki ya kujua ni nani anayepita chini ya mizinga yao. Watakuonyesha njia za kuepuka, jambo la usalama wako kwanza, kwa kuwa nyuki waliochokozwa alasiri ya Oktoba hawana mzaha.

Vitu vya kubeba

Hapa sitakaa sana. Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha na inazidi ile ya 10x42, kwa sababu ndege yuko karibu kuliko unavyodhani na unahitaji upana wa kuona kuliko ukuzaji. Chukua daftari na penseli, simu yenye kamera na chaji ya kutosha, maji lita 3 kwa kila mtu, na kofia. Nguo zisiwe nyeusi wala za buluu: rangi hizo huwavutia ndorobo, na ndiyo sababu mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Mwenzetu wa bodaboda alivaa koti lake la buluu siku ya kwanza, akarudi akiwa amevimba mabega, na sisi wengine tukarudi tukiwa tumeumwa kidogo tu. Hatukuhitaji utafiti mwingine. Ukipata homa wiki chache baada ya kuumwa sana na ndorobo, mweleze daktari kwamba ulikuwa porini, kwa kuwa malale bado ni ugonjwa wa kufikiriwa katika ukanda huu.

Tafuta nyumba kabla ya mpangaji

Sasa tufike kwenye kiini. Kidoadoa ana desturi ya kutagia katika viota vilivyoachwa na ndege wengine, na anayemfaa zaidi ni kwera mwenye kichwa chekundu. Kwera, ambaye wengine humwita mnana, ni yule fundi wa kusuka, lakini huyu wa miombo hafanani na wale wa makelele wanaojaza mti mzima juu ya bwawa. Dume lake lina kichwa na kifua chekundu na tumbo jeupe, hujenga peke yake au viota vichache tu mti mmoja, na hatumii nyasi mbichi.

Hatukulijua jambo hili hadi asubuhi moja ya Oktoba katika msimu wetu wa tatu. Tulikuwa tumetembea tangu alfajiri bila kuona chochote cha maana, na kijana mmoja akaanza kulalamika kwamba huenda ndege huyu amehama mkoa. Mzee wetu alikuwa ameketi kwenye mzizi wa mtundu akimenya muhogo. "Mwalimu," akaniambia, "mnamtafuta mpangaji barabarani. Si mpige hodi nyumbani kwake?" Kisha akaelekeza kisu juu. Tawi lililokuwa moja kwa moja juu ya vichwa vyetu lilikuwa na viota vitatu vya kwera, viwili vimechakaa na kimoja kizima. "Babu, kwani ulijua siku zote?" dereva wetu akamuuliza. "Mjukuu wangu," akajibu, "mlisema mnatafuta ndege. Hamkusema mnatafuta nyumba."

Kiota hicho kitazame kwa makini, kwa kuwa ukishakijua kimoja utaviona vyote. Kwa mbali kinafanana na kibuyu kikavu kilichotundikwa kichwa chini. Sehemu ya juu ni duara, na ubavuni mwake limeshuka bomba refu linalofunguka chini, ambalo ndilo mlango. Ukikisogelea kwa darubini utaona hakina ulaini wa viota vya nyasi. Kimesukwa kwa vijiti vyembamba na vikonyo vya majani, vigumu na vilivyopindana, kiasi kwamba ukingo wake una manyoyamanyoya ya vijiti vilivyotokeza kila upande. Kimefungwa kwenye ncha ya tawi kwa msuko imara, na mara nyingi majani ya karibu yamekwanyuliwa. Kwa sababu ya ugumu huo hakioshwi na mvua ya mwaka mmoja. Hukaa, kikageuka rangi kutoka kahawia hadi kijivu, bomba likaanza kukatika kwa chini, na kufikia hapo ndipo kinapoanza kutufaa sisi. Kiota kipya chenye kwera anayeingia na kutoka si cha kukalia zamu. Kiota cha kijivu chenye bomba lililokatika ndicho.

Kwa hiyo kazi yenu iwe ya hatua mbili, na ya kwanza ifanyike bila kumtafuta ndege kabisa. Mwezi Juni au Julai, majani yakiwa machache, tembeeni katika msitu mliouchagua kwa mistari inayolingana, watu wakiwa wameachana kwa hatua kama hamsini, na kila mmoja aandike miti yote yenye viota vya kwera kichwa-chekundu. Andikeni aina ya mti, idadi ya viota, vipya ni vingapi na vikuukuu vingapi, na mahali kwa kutumia simu. Ni kazi inayochosha na isiyo na sifa. Katika kipande tulichokipitia kwa siku tatu tulipata miti 14, na ni 5 tu kati yake iliyokuwa na viota vya kijivu vilivyo bado wazi ndani. Msikate vipande vya gome kama alama, wala msifunge vitambaa. Kijiti kilichofungwa kitambaa chekundu porini huzua maswali kuliko tangazo.

Hatua ya pili ni mwezi Septemba na kuendelea. Fikeni kwenye mti ulioandikwa, kaeni umbali wa hatua 30 au zaidi, migongo ikiwa kwenye mashina, jua likiwa nyuma yenu, na mngoje saa nzima kabla ya kuhamia mti mwingine. Saa nzima maana yake dakika 60. Sisi tulizoea kungoja dakika 20 na kuhama, na sasa nina hakika kwamba tuliwaacha ndege nyuma yetu zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndege anayelinda kiota huweza kukaa juu ya tawi moja bila kusogea kwa muda mrefu, mgongo wake wa kahawia ukiwa umetuelekea sisi na madoa yake yakiwa yameelekea upande wa pili.

Wakati mnangoja, msipuuze misafara ya ndege mchanganyiko. Katika miombo, ndege wa aina nyingi husafiri pamoja wakipekua majani: vigong'ota, chozi, mramba mwenye mkia uliogawanyika, na wale weusi kwa weupe wenye kishungi ambao hupita kwa kundi wakigongagonga midomo. Msafara ukifika, msitu uliokuwa kimya kama kaburi hujaa kwa dakika tano, kisha hunyamaza tena. Kidoadoa wakati mwingine huonekana pembeni mwa msafara, akidaka wadudu walioshtushwa na wengine. Mmoja wenu autazame msafara, lakini wengine wasiondoe macho kwenye kiota.

Kumtofautisha na wanaomfanana

Hapa ndipo penye makosa mengi, langu likiwemo. Kidoadoa ni mdogo, anakaribia ukubwa wa shomoro. Juu ni kahawia. Chini ni mweupe, na juu ya weupe huo, kifuani na mbavuni, kuna madoa meusi yaliyo wazi yenye umbo la pembe tatu au ncha ya mshale, kana kwamba mtu amechovya ncha ya kalamu ya mwanzi kwenye wino akaigusisha kwenye karatasi mara nyingi, bila kuiburuta. Neno la kushika ni hilo: madoa, si michirizi.

Kuanzia Oktoba huwasili kutoka Ulaya na Asia ndege mwingine anayekaa wima vilevile na kudaka wadudu vilevile, Muscicapa striata. Huyu ana michirizi hafifu kifuani na kwenye paji la uso, rangi yake kwa jumla ni ya kijivu, na hana ule utofauti mkali wa nyeupe na nyeusi. Ukimwona anapigapiga mabawa yake kidogo kila akitua, juu ya tawi kavu lililo wazi, mfikirie huyo kwanza.

Wagumu zaidi ni watoto. Ndege wa jamii hii wanapotoka kiotani huwa na madoa, hata wale ambao wazazi wao hawana doa lolote, na miombo ya Oktoba na Novemba imejaa watoto wa aina hiyo. Novemba ya msimu wetu wa pili nilimwona ndege mwenye madoa kifuani, nikampiga picha, nikawaita wenzangu, tukashangilia, na jioni nikaipeleka kumbukumbu hiyo kwenye eBird, mfumo wa mtandaoni wa kukusanya kumbukumbu za ndege. Siku chache baadaye mhakiki aliniuliza kwa upole kama nimeutazama mgongo. Nilifungua picha nikaikuza. Mgongo ulikuwa na madoa meupe, manyoya ya tumboni yalikuwa mepesi kama pamba, na kwenye pembe za mdomo kulikuwa na unjano ambao ni wa kinda anayesubiri kulishwa. Alikuwa mtoto wa ndege wa kawaida tu, ambaye mama yake alikuwa amekaa tawi la pili katika picha hiyohiyo. Tangu hapo tuna sharti: hakuna anayetaja jina la kidoadoa hadi mgongo uonekane. Mgongo usio na madoa pamoja na kifua chenye madoa makali ndio ushahidi. Kifua peke yake hakitoshi, hata picha iwe nzuri namna gani.

Kuna na mwingine anayewapa watu furaha ya bure, naye ni aina moja ya kwezi-ardhi, ndege mkubwa mwenye kifua cheupe chenye madoa, anayetembea chini na kupekua majani makavu. Ukubwa wake ni mara mbili au zaidi, na hukimbia hatua chache akasimama. Asiye na mazoea humchanganya kwa siku ya kwanza tu.

Adabu mbele ya kiota

Mkimpata, rudini nyuma kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Msipande mti, msivute tawi kwa fimbo ili kuona ndani, na msikate majani yanayoziba picha. Majani hayo ndiyo yanayowazibia pia kunguru na nyani. Msipige sauti za ndege kutoka kwenye simu. Wapo wanaoona kuwa sauti hizo hazina madhara, lakini ndege ambaye ni haba, aliye katika kulea, anayeacha mayai kwa dakika kumi kufukuza adui asiyekuwepo, analipa gharama ambayo mtazamaji haioni. Nusu saa ya kutazama inatosha kwa siku moja, na kiota kimoja kisitembelewe na kikundi zaidi ya mara moja kwa wiki. Watoto wa kijiji wakiwafuata, wapeni darubini mbali na mti huo, kwenye mti mwingine kabisa.

Kuandika mlichokiona na msichokiona

Kumbukumbu nzuri ina tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, idadi ya watu waliokuwa wakitazama, hali ya hewa, aina ya mti, kimo cha ndege kutoka ardhini kwa makadirio, alichokuwa akifanya, na sehemu zipi za mwili wake mlizoziona kwa hakika. Andikeni palepale, kabla ya kufungua kitabu cha picha, kwa maana ukishaiona picha akili huanza kuongeza madoa ambayo jicho halikuyaona. Kila mtu aandike daftari lake bila kulinganisha na mwenzake. Mnapolinganisha baadaye, penye tofauti ndipo penye mashaka.

Siku mlizokosa ziandikwe kwa uzito uleule. Saa 6 kwenye miti 5 bila kidoadoa ni habari kamili, hasa katika mkoa ambao kumbukumbu za ndege ni chache kuliko za Arusha au milima ya mashariki, ambako watazamaji huenda kila mwaka. Pelekeni kumbukumbu kwenye eBird, na pia kwa wanaotunza Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakikusanya taarifa za watu binafsi kutoka kila pembe ya nchi. Mahali pa kiota kinachotumika pasitangazwe hadharani msimu ukiwa haujaisha. Nakala moja ya orodha yenu ya miti ibaki kwa mtendaji wa kijiji, ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili na kwa majina ya miti yanayotumika hapo, ili siku ya kugawa eneo la kukata magogo mtu aweze kuitoa mezani.

Msimu wetu wa tatu ulimpata ndege mmoja, dakika 12, kwenye mtundu ule wa muhogo, saa mbili kasorobo asubuhi, mgongo umeonekana. Mwaka uliofuata tulianzia kwenye mti huohuo, kwa sababu kwera alikuwa amerudi kusuka kwenye tawi la jirani, na cha zamani kilikuwa kimeanza kuwa kijivu.